TAHADHARI: Muuza mashine za kutotolesha na mayai "yenye mbegu", Mbagala

Jamani, kama kuna mtu unataka kumtumia hela ya mashine ya kutotolesha vifaranga pamoja na mayai yake, simama kwanza usome hapa. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikirukaruka. Wa kwenye mchezo wetu wa kupeana hela mnajua ile hela ilikuwa zamu yangu na ilikuwa ya kazi gani, sina haja ya kurudia.

Huyu mtu ana fremu, maeneo ya Mbagala kuelekea Charambe. Si wa kukutana naye kituoni na begi mgongoni. Ana bango kubwa, mashine zimepangwa mpaka darini, nyingine zinawaka, feni zinavuma, vifaranga wanalia kwenye boksi pembeni. Anavaa koti jeupe. Ukiingia unapewa kiti na maji ya kunywa, unaitwa mama kwa heshima zote. Akaanza kunieleza: kuku huangua kwa siku 21, joto liwe 37.5 mpaka 37.8 kwa mashine yenye feni, unyevu asilimia 50 na kitu, siku tatu za mwisho uupandishe mpaka 65 au 70, mayai yageuzwe kila siku na ikifika siku ya 18 uache kuyageuza. Yote hayo ni kweli! Nilikuwa nimeshayasoma kabla sijaenda, na kila alilosema lililingana na nilichokuwa nakijua. Sasa niambieni, mtu anayejua mpaka siku ya kuacha kugeuza mayai utamtiliaje shaka?

Nikamuuliza swali ambalo yeyote mwenye akili zake angeuliza: nitajuaje kwamba mayai haya yana mbegu? Akatabasamu. Akazima taa, akashusha pazia la mlangoni, fremu nzima ikawa giza. Akatoa tochi ndogo iliyozungushiwa boksi gumu mdomoni ili mwanga utokee kwenye tundu tu. Akapeleka mkono kule kwenye trei, au hivyo ndivyo nilivyoona mimi kwenye lile giza, akaja na yai, akalisimamisha juu ya tochi ule upande mnene. "Sogea mama, usiogope. Unaona mishipa?" Nikaona. Mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi, katikati kidoa cheusi kinachezacheza. Akaniambia hicho ndicho kifaranga chako, mama, hapo kinakusubiri wewe tu ukiwashie moto. Akanipa nilishike. Lilikuwa na uvuguvugu, nikajua ni joto la mle ndani na lile bati. Machozi yalinilengalenga, wallahi.

Na palikuwa na mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki, anasema yeye ni mfugaji wa Chanika. Akadakia: "Dada yangu, mimi hapa nachukua kila mwezi, huyu kijana hana longolongo." Mzee mwenye mvi na kofia yake ya kufuma, anaongea kwa upole, mnataka nimwambie anadanganya? Taa ikawashwa, mayai yakaanza kuhesabiwa, bodaboda ameshaitwa. Yai moja shilingi 1,000, ya kuroiler, wale kuku chotara, tena pyua kwa maneno yake. Nikalipa na mashine juu yake.

Wakati natoka akanipa onyo, tena kwa msisitizo: "Mama, ukitaka yafe, fungua fungua mashine. Weka maji kupitia kile kitundu cha pembeni, mayai yanajigeuza yenyewe, usifungue mpaka usikie milio." Nikamtii. Watoto nikawakataza hata kusogea pale. Umeme ukikatika nazungushia mashine mablanketi, naizungushia na chupa za maji ya moto, usiku naamka kuangalia namba kama zimeshuka. Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Korogwe, nikamwambia subiri uone. Nimenunua maranda, nimenunua chakula cha vifaranga, fundi amenitengenezea banda la kulelea. Jirani wawili nimeshawaahidi vifaranga.

Siku ya 21 kimya. Tukangoja zaidi, labda joto lilipungua kidogo. Kimya. Kilichotoka mle ndani ni harufu. Yai moja likapasuka lenyewe, chumba kizima hakikaliki, mama mkwe kanyamaza tu anaangalia pembeni. Aibu ile sitaki kuielezea.

Nikapiga simu. Mwanzo alipokea: "Mama, kwenu umeme unakatika sana." Nikamwambia nina kumbukumbu ya kila mara ulipokatika. Akasema basi waranti ya mashine ni wiki mbili na imeisha. Wiki mbili! Kwa kitu kinachohitaji wiki tatu kujulikana kama kinafanya kazi. Baada ya hapo namba haipatikani.

Jirani yangu anayefuga siku nyingi ndiye aliyenifumbua macho. Alivunja yale mayai uani moja baada ya jingine. Mengine viza, mengi kiini na ute tu, hakuna hata moja lenye dalili ya damu. Yale ni mayai ya kula, ya kuku wa kisasa wanaotaga bila kuona jogoo. Hata uyaatamishe mwaka mzima, hayatoi kitu. Na kwa sura huwezi kujua, kwa sababu ya kuroiler nayo ni ya kahawia. Nikamwambia mbona niliona mishipa? Akaniuliza, lile yai lilikuwa la moto? Yai ambalo halijaatamiwa ukilimulika utaona kivuli cha kiini na nafasi ya hewa, basi. Mishipa inaanza kuonekana vizuri kuanzia siku ya nne au ya tano ndani ya joto. Lile lilitoka kwenye mashine yake, alikuwa nalo mkononi au mfukoni, na yale ya trei hayakuguswa na tochi kabisa.

Na ile amri ya kutofungua ilikuwa ya kumpa muda. Kumulika siku ya 7 hakuui mayai, kuku mwenyewe hutoka kwenye kiota kwenda kula na kunywa halafu anarudi. Siku tatu za mwisho ndizo za kutofungua. Ningemulika siku ya 7 waranti ingekuwa bado hai, na yeye alilijua hilo fika.

Mashine nayo kipimajoto chake kinadanganya, lakini hilo tuliache.

Huyu mtu akamatwe. Asiombe radhi wala asirudishe nusu hela, akamatwe, afungiwe ile fremu, na yule mzee wa kofia naye awekwe ndani, maana ni mpambe wake, haiwezekani iwe vinginevyo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Anakula hela za wajane, wastaafu, kina mama wa vikoba! Namba yake nimeshaituma kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu.

Mengine ya kuangalia: nilipolipa jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, risiti ya kuandikwa kwa mkono, ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) hana. Mwenye mayai mwambie avunje mawili matatu ya trei ileile unayoichukua. Penye mbegu kile kidoa cheupe juu ya kiini kina duara linalokizunguka, pasipo na mbegu ni kidoa kidogo tu. Akikataa, ondoka. Au nenda ukaone majogoo.

Kama nawe ulinunua pale, usifute ujumbe wa muamala, tunza risiti, niandikie faragha. RB ya polisi ninayo tayari, askari anasema tukiwa wengi itakuwa rahisi kumfuata.