VLC au mpv, programu za kuchezea video kwenye kompyuta: kusogeza maandishi ya tafsiri

Hapa kwetu Pasua, Moshi, mama hasikii vizuri, hivyo filamu huisoma. Maandishi yakichelewa sekunde mbili tu, anapotezana na hadithi.

Kwenye VLC, G huyawahisha na H huyachelewesha, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Kwa sekunde mbili unabonyeza mara 40! Afadhali ubonyeze Shift+H ukisikia neno, Shift+J ukiliona limeandikwa, kisha Shift+K yalingane. mpv huenda kwa sekunde 0.1: z kuwahisha, x kuchelewesha. Mara 20, umefika.

Lakini tofauti kubwa iko kwenye kuyapandisha. Sabufa yetu imekaa mbele ya televisheni na inaziba mstari wa chini. Kwenye mpv nashikilia r, maandishi ya SRT (aina ya kawaida ya faili la tafsiri) yanapanda taratibu huku filamu inaendelea, mpaka mama aseme, "Hapo hapo, mwanangu." VLC, kama hujaipangia mwenyewe vitufe vya kazi hiyo, inakutaka uingie kwenye mipangilio, ujaze pikseli kwa kukisia, uhifadhi, kisha uifungue video upya uone.

Mdogo wangu hataki kukariri herufi, namwachia VLC na menyu zake. Akikaa mama, nafungua mpv.