Kozi ya Kifaransa ya jioni mjini Unguja kwa mtu wa kazi: uzoefu wangu

Kozi ninayoipima hapa ni ile ya kawaida ya jioni mjini: mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila kipindi, muhula wa wiki 12. Nimesoma mihula mitano, hadi mwisho wa A2, ngazi ya pili ya lugha (huanza A1, kisha A2, B1 na kuendelea), kwa ajili ya kazi ya mapokezi na barua za wageni. Jina la kituo naliacha, maana mengi niliyoyaona ni ya kozi za aina hii popote zilipo.

Kabla ya kulipa ada, piga hesabu. Muhula mmoja kama huo ni saa 36. A1 inataka kama saa 60 hadi 100 za darasa, A2 jumla ya saa 160 hadi 200, na B1, ambapo mtu ndipo anapoanza kujitegemea kazini, saa 360 hadi 400. Anayekuahidi kwamba kwa miezi mitatu utasikilizana na wageni anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jambo la pili la kuuliza ni idadi ya wanafunzi. Darasa letu lilikuwa la watu 15. Mwalimu akitumia nusu ya kipindi kufundisha, zinabaki dakika 45, yaani dakika tatu za kusema kwa kila mmoja. Kwa sarufi zinatosha. Kwa simu ya mgeni aliyekasirika hazitoshi hata kidogo.

Sarufi, kwa kweli, ilifundishwa vizuri, na Mswahili hana sababu ya kuiogopa. Majina ya Kifaransa yana jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike, na sifa hubadilika kulingana na jina, jambo ambalo sisi tunalifanya kwa ngeli tangu utotoni. Kinachosumbua ni kwamba jinsi haionekani kwenye jina lenyewe, kwa hiyo usiandike "chambre" peke yake daftarini, andika "une chambre". Na angalia mahali pa sifa: "ma propre chambre" ni chumba changu mwenyewe, "une chambre propre" ni chumba kisafi. Kwenye malalamiko ya hoteli tofauti hiyo si ndogo.

Matamshi nayo yana faida isiyosemwa. Ile r ya kooni, inayowahangaisha wengi, sisi karibu tunayo: aliyefunzwa kwenye chuo cha Kurani kuitamka vizuri gh ya "lugha" na "ghorofa" ailegeze kidogo tu, apate "très" na "regarder". Penye kazi ni u ya Kifaransa. Viringa midomo kama unasema "u", kisha ndani yake sema "i". Bila ya hivyo "dessus" na "dessous" zinakuwa neno moja, na mgeni aliyeambiwa begi lake liko juu ya kabati atakwenda kuinama chini yake. Kosa jingine letu ni kuongeza irabu mwishoni: "madame" inaishia kwenye m, si "madamu".

Sasa namba. Hapa ndipo kozi ilipopwaya, na ndipo kazi inapoharibikia. Kitabu kinamaliza namba kwa somo moja, lakini Mfaransa akikutajia simu yake anaisoma kwa jozi tano za tarakimu mbili mbili, upesi. Sabini ni "soixante-dix", sitini na kumi. Tisini ni "quatre-vingt-dix", ishirini mara nne na kumi. Anayeanza akisikia "quatre-vingt-seize" anaandika 4, kisha 20, kisha 16, na akitanabahi kwamba ni 96 jozi mbili zimeshampita. Dawa yake: usiandike kitu mpaka jozi iishe, kisha isome kwa sauti mbele ya mgeni. Mtu akusomee jozi 20 kila siku, nyingi ziwe kati ya 60 na 99. Ni dakika tano tu. Wabelgiji, Waswisi na Wakongo wa Kinshasa husema "septante" na "nonante", rahisi zaidi, ila Mfaransa hakuambii hivyo.

Saa ni mtego wa aina hiyo hiyo. Saa nane mchana ni "quatorze heures", si "huit heures". Gari la uwanja wa ndege likiandikiwa "huit heures", dereva atafika asubuhi na mgeni atatua mchana. Kwa saa za mchana ongeza sita, 8 na 6 ni 14, na kwenye maandishi tumia saa 24 daima.

Kuna maneno yetu mawili ambayo mwalimu mgeni hawezi kukuonya nayo. "Karibu" yetu inapokea mtu na inajibu asante. "Bienvenue" ya Ufaransa inapokea tu, na asante hujibiwa "je vous en prie". La pili ni "pole". Ukisema "désolé" kwa mtu aliyechoka na safari, umeomba radhi kana kwamba kosa ni lako. Muulize "Vous avez fait bon voyage ?", yaani umesafiri salama, inatosha.

Barua pepe tulifundishwa kidogo mno. Hii, ya kuthibitisha chumba na kuambatisha ankara, ndiyo ninayoitumia mara nyingi:

"Bonjour Madame, suite à votre demande, je vous confirme la réservation d'une chambre double du 12 au 15 août. Veuillez trouver ci-joint la facture. Je reste à votre disposition. Cordialement,"

Ukibadilisha tarehe na aina ya chumba, inabeba sehemu kubwa ya barua za kazi. Usianze bila "Bonjour", usimwite mgeni "tu" (wewe ya watu wa karibu), tumia "vous", na "je veux" (nataka) iache. Sema "je voudrais" (ningependa). Alama za juu nazo ziandike: "je réserve" ni naweka nafasi, "j'ai réservé" nimeshaweka. Kwenye simu bonyeza herufi e kwa muda, é na è zitatokea.

Cheti, kama unakihitaji, ulizia DELF Pro: muundo ni wa DELF ya kawaida, mtihani rasmi wa Kifaransa wa serikali ya Ufaransa, ila mada ni za kazini. Sehemu nne za alama 25 kila moja, kufaulu ni 50 kwa 100, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata jumla ikiwa nzuri. Hakimalizi muda. Ukifanyia Dar es Salaam, uliza kama mtihani wa kuzungumza uko siku ile ile kabla ya kukata tiketi ya boti ya kurudi.

Kwa mtu wa hoteli, jiandikishe masika, wageni wakiwa wachache. Walioanza Julai darasani kwetu wengi walipotea kabla ya nusu ya muhula, kwa zamu tu. Na siku zisizo na kipindi, sikiliza kwanza habari za RFI Kiswahili, idhaa ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, kisha habari hizo hizo kwa Kifaransa chepesi cha RFI, dakika 10: kisa umeshakijua, sikio linabaki na kazi ya maneno tu.