Eti mikono yangu ina jasho

Nianze kwa kumsifu, maana nikianza na hasira sitamaliza. Fundi wa usukani wa Sinza anapokea simu, na kazi aliyosema ni ya saa tatu aliimaliza kwa saa tatu. Dar hii, fundi wa namna hiyo ni wa kumfuga. Sasa basi.

Gari langu ni Harrier, ile mnayoiita tako la nyani. Usukani wake wa ngozi ulikuwa umechakaa juu upande wa kulia, pale mkono wangu unapolala foleni nzima ya kutoka Kimara hadi Posta. Ulianza kung'aa kama kiwiko cha suti ya mzee, ukaja kubanduka magamba. Zile kava za kuvalisha wanazotembeza kwenye mataa sizitaki, zinateleza ukikata kona. Nilishuka Gerezani kutafuta mtumba wa Japani; kila niliouona umeisha palepale ulipoishia wangu. Kumbe na Wajapani wanaendesha mkono mmoja.

Ndipo nikaelekezwa kwa huyu wa Sinza. Akanipa njia mbili: kuvua ngozi na kushona mpya, 90,000, au "kuifufua" ileile kwa rangi, 40,000. Nikachagua kufufua, hilo nakiri. Akafuta na kitambaa, akapitisha msasa, akapaka, akapaka tena. Ulivyokauka ulikuwa kama umetoka bandarini. Nikampa na ya soda.

Siku mbili baadaye, au tatu, nampeleka mama mkwe hospitali. Nimefika kwake Tabata, nikashuka, "Shikamoo mama," nikampa mkono. Akaupokea, akauangalia, akaangalia na wake. "Marahaba. Mwanangu, siku hizi unauza mkaa?" Kiganja cheusi tii. Na njiani nilikuwa nimeshajifuta jasho usoni, kwa hiyo mjue nilivyokuwa.

Nikarudi kwa fundi. Wallahi sikwenda na ugomvi. Nilimwonyesha viganja, nikasubiri pole tu. Akanishika kidole kimoja, kama daktari, akawageukia vijana wa bodaboda waliokaa kwenye benchi lake, akasema: "Dada'angu, tatizo siyo rangi. Una mikono ya jasho. Wateja wangu wengine hawalalamiki."

Wakacheka. Mmoja akaongeza, eti niwe navaa glavu.

Mikono ya jasho! Dar es Salaam! Joto la siku zile hata mbuzi walikuwa wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme, nani alikuwa na mikono mikavu? Yeye mwenyewe fulana imemgandia mgongoni. Nimefundisha miaka kumi na moja, nimeshikana mikono na wazazi, na wakaguzi, na wageni rasmi wa mahafali, hakuna aliyewahi kujifuta baada yangu. Nilimjibu kitu ambacho sikiandiki hapa, nikawasha gari nikaondoka bila kudai hela yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Aliyenitoa tongotongo ni mzee mmoja mshona siti, Magomeni. Alisugua usukani kwa pamba yenye spiriti, pamba ikawa nyeusi, akainusa. "Hii haikufungwa." Akanieleza kwamba ngozi ya usukani imekunywa mafuta ya mikono miaka na miaka. Usipoyatoa kwanza, rangi inakaa juu yake kama tone la maji kwenye jani la gimbi. Na ukishapaka, juu yake lazima ipite dawa ngumu isiyo na rangi ya kuifunga, iachwe ikauke hasa. Siyo mtu anaondoka na gari jioni ileile. "Hii jasho la mtu yeyote lingeitoa," akasema. Jamani, nilitaka kumkumbatia. La mtu yeyote!

Nikashona mpya kwake. Alitoa terminali ya betri, akakaa anakunywa kahawa kwanza ndipo akagusa eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali ulio katikati ya usukani, maana umeme hubaki mle ndani kwa muda hata betri ikishatengwa. Akaweka alama kwenye mhimili ili usukani usirudi umepinda. Akashona kwa mkono, tundu kwa tundu, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Ukipitisha kidole huusikii mshono.

Lakini bei yake ilizidi ya Sinza, siti yangu imebaki na madoa ya gundi, na simu hapokei kabisa. Nimemfuata mara mbili sijamkuta. Kwa hiyo sisemi msiende Sinza. Kama ni kushona, huenda yule kijana anashona vizuri, na atawahi. Akili ikitulia naona hata kosa ni langu niliyekimbilia ya 40,000. Ila akili yenyewe haitulii. Mtu unaharibu kazi, halafu unamtangazia mteja jasho lake mbele ya bodaboda? Msiende.

Sasa hivi naendesha na kitaulo cheupe pajani. Nikisimama kwenye mataa najifuta kiganja cha kulia, halafu cha kushoto, na mume wangu ananiuliza hii imeanza lini. Juzi nimekikagua: cheupe vilevile, hata doa hakuna. Nikakipiga picha nimtumie fundi, ndipo nikakumbuka namba yake nilishaifuta.