Uzoefu wangu: kuendesha Bajaji kwa programu huku nikijenga biashara ya unga wa lishe

Sitaeleza namna programu hii ya kuitia usafiri kwa simu inavyopakuliwa wala viwango vya nauli zake, kwa kuwa mambo hayo yanajulikana. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyotendewa na kampuni niliyoitegemea kwa mtaji wa biashara yangu changa hapa Dar es Salaam.

Msindikaji mdogo wa unga wa lishe hawezi kuajiriwa kutwa nzima. Ulezi na soya huoshwa na kuanikwa jua likiwa kali, mahindi na karanga sharti yachambuliwe punje kwa punje kwa hofu ya sumukuvu, na mashine ya kusaga ina foleni yake. Kwa hiyo kuendesha Bajaji alfajiri, abiria wanapotoka Kimara na Mbezi kwenda makazini, kisha jioni wanaporudi, kulinifaa kuliko kibarua kingine chochote. Fedha ya safari hizo ndiyo iliyolipia usajili wa jina la biashara kwa wakala wa serikali, BRELA, na kununua vifungashio Kariakoo. Hilo silikanushi hata leo.

Abiria wengi hulipa taslimu, hivyo kamisheni ya kampuni hujilimbikiza kama deni, ambalo dereva hulilipa kwa simu ndipo aruhusiwe kuendelea kupokea safari. Majuzi nililipa, ujumbe wa muamala ukathibitisha kwamba fedha imepokelewa, lakini programu ikaendelea kunidai, kisha akaunti ikafungwa. Ilikuwa juma lile lile ambalo duka moja la Sinza lilikuwa likisubiri mzigo wangu.

Nilikwenda ofisini kwao nikiwa na ujumbe huo pamoja na pakiti kadhaa za unga nilizokuwa napeleka kwa wateja. Kijana wa mapokezi hakuitazama simu niliyomnyooshea. Nilimwambia, "Samahani kaka, nimeshalipa, muamala huu hapa." Akajibu, "Mfumo unaonyesha unadaiwa, bosi. Sasa mimi nikusaidieje?" Nilipomweleza kwamba nina mzigo wa kupeleka na siwezi kukaa bila kazi, aliziangalia zile pakiti, akasema mbele ya madereva wenzangu, "Kwani wewe si una biashara yako? Nenda kauze unga."

Kampuni hiyo hiyo hututangazia kwamba tuendeshe kwa wakati wetu huku tukitimiza ndoto zetu! Madereva wengi hulalamikia asilimia wanayokatwa, na nakumbuka vuta nikuvute ya 2022, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, kampuni moja kubwa ikasimamisha huduma, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25. Mimi kamisheni naivumilia, kwa sababu naijua kabla sijawasha chombo. Kisichovumilika ni kufungiwa riziki na mfumo usioweza kuulizwa swali, halafu yule anayelipwa mshahara ili aulizwe kwa niaba yake akakudhalilisha kwa sababu umethubutu kuwa na kitu chako mwenyewe.

Nilikusudia kuwashauri wenye biashara changa wajiunge kwa tahadhari: watunze kila ujumbe wa muamala, walipe deni likiwa bado dogo, na wasinunue malighafi kwa kutegemea safari za kesho. Ushauri huo bado ni sahihi, na sijaona kazi nyingine inayoniachia mchana mzima kwa ajili ya unga wangu. Lakini akaunti ilifunguliwa pale tu nilipolipa mara ya pili, malipo ya kwanza hayajarudi, wala hakuna aliyenipigia kuomba radhi, na kila ninapoliwaza jambo hili ile tahadhari naiona kuwa ni upole usiostahili. Msijiunge na kampuni hii. Kwa sasa nabeba abiria wa kijiweni Kimara, ambao ni wachache zaidi, na mzigo wa Sinza ulifika kwa kuchelewa, mwenye duka akiwa amekwishapunguza oda. Fedha yangu wanirudishie.