SQLite kwenye Raspberry Pi Zero W, RAM ndogo na kazi inaenda

Kama una kakompyuta ka bodi moja kama Zero W, RAM 512MB, na unataka rekodi zikae humo humo, achana na databesi ya MariaDB weka SQLite. Mi nimeifunga kwenye Zero W inayosoma joto na unyevu kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, kila dakika unaingia mstari mmoja, siku 21 za mayai ni mistari elfu thelathini na ushee, wala haihemi.

MariaDB sio mbaya ila ukiiacha na settingi zake za kiwandani bufa yake (RAM inayojitengea kushikia data) ni MB 128, robo ya RAM yote hiyo, na ni seva inayokaa macho muda wote. SQLite haina seva, ni laibrari ndogo tu ndani ya programu yako na kashe yake ya kawaida (nayo ni RAM ya kushikia data) ni kama MB 2. Ukitaka kuibana zaidi andika amri ya PRAGMA cache_size = -500, na hiyo alama ya kutoa usiiruke, ndo inamwambia ahesabu kwa KB, ukiweka 500 tupu anaelewa peji 500, yaani vipande vya faili la databesi, na peji moja ni KB 4, kwahiyo umerudi kwenye MB 2 zile zile umebana hewa 😂

Sasa kashe ni ya kila koneksheni, hapa ndo watu wanalia. Unafungua moja ya kuandika, nyingine ya grafu, nyingine ya kutuma SMS, kila moja na kashe yake. Halafu utakuta mtu anaitukana SQLite imemaliza RAM, ukichungulia kodi yake ya Python kaweka fetchall() kwa jedwali zima, mistari yote inapakiwa kwa mkupuo, hapo databesi gani itapona? Pitisha kwa lupu ya for mstari mmoja mmoja, yameisha.

Umeme ukikatika ghafla databesi inaamka salama, ile rekodi iliyokuwa haijakamilika ndo inatupwa, ila memori kadi feki sina la kukusaidia.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya WAL, ile mode ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ukiwa na programu inayosoma na haifungi kusoma kwake lile faili la -wal linavimba tu hadi kadi ijae, na hupewi onyo lolote. Mi nimeweka amri ya wal_checkpoint(TRUNCATE), ya kulisafisha faili hilo, kwenye cron (kipanga kazi cha Linux) kila usiku, ila nayo haifui dafu mpaka hiyo programu ifunge kusoma kwake.