Bajaj Boxer BM150 kama pikipiki ya kwanza: inamfaa anayejifunza?

Anayetafuta pikipiki ya kwanza nchini Tanzania hukawii kumsikia akielekezwa kwenye Bajaj Boxer BM150, na sababu inayotolewa karibu kila mara ni kwamba Boxer ni ngumu. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inamhusu zaidi dereva wa bodaboda anayepakia abiria na gunia la mkaa kuliko mtu anayejifunza, ambaye atakuwa peke yake akienda kazini na kurudi. Tathmini hii inaipima kwa mahitaji ya huyu wa pili.

Injini ndiyo hoja kubwa ya kuichagua. Ni ya silinda moja yenye ujazo wa cc 144.8, hupozwa kwa hewa na hupata mafuta kupitia kabureta. Nguvu yake, ambayo ni kama farasi 12, haimtishi mtu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba msukumo wake hupatikana mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Mwanafunzi akiachia klachi kwa pupa bila kuvuta mafuta ya kutosha, mara nyingi injini huvuta badala ya kuzimika, na akisahau kushusha gia anapofika kwenye tuta, pikipiki hulipanda hivyo hivyo huku ikinung'unika. Gia ni nne tu, jambo linalompunguzia shughuli mguu wa kushoto katika foleni za Ubungo au Mwenge. Ukitoka nje ya mji na kupita kilomita 80 kwa saa, mtetemo huanza kufika mikononi, na kila basi linalokupita hukusukuma kwa upepo wake. Kwa kuwa mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, hilo silihesabu kuwa kasoro kwa anayeanza.

Ninapokosana na Boxer ni kwenye breki. Zote mbili ni za ngoma, na hakuna ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kufunga breki zinapobanwa ghafla. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kuisimamisha, ilhali la nyuma hubaki jepesi na huteleza kwa urahisi likikabwa ghafla. Anayejifunza, kwa hofu ya kupinduka, hukanyaga breki ya nyuma peke yake, na breki ya mbele ya Boxer haimshawishi kuiacha tabia hiyo, kwa sababu huhitaji kubanwa kwa nguvu kabla ya kuitika, na waya wake ukilegea huitika kwa kuchelewa zaidi. Wapo wanaoitetea kwamba breki dhaifu humlinda mgeni asifunge gurudumu la mbele kwa kiwewe. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini haimsaidii mtu aliyekatiziwa njia na daladala. Tairi zake nazo ni nyembamba, na lami yenye mchanga au mvua ya kwanza haina simile nazo. Anayeinunua afanye mazoezi ya kubana breki zote mbili polepole na kwa kuongeza nguvu, kwenye eneo la lami lisilo na magari, kabla hajaingia barabara kuu.

Shokapu za nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, hivyo mtu mmoja mwepesi atarushwa kwenye mashimo. Fundi azilegeze hadi hatua ya chini kabisa. Indiketa hazijizimi zenyewe, na mgeni husahau kuzizima, akawachanganya walio nyuma yake.

Kwa matunzo, sijui pikipiki iliyo rahisi kuliko hii. Spea zake zipo hadi kwenye vituo vidogo vya wilaya, na fundi wa chini ya mwembe huijua kwa kupapasa. Angalizo langu ni kuhusu oili: klachi imezama ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo usiweke oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano, bali tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hii, la sivyo klachi inaweza kuanza kuteleza.

Mpinzani wake wa karibu ni TVS HLX 125, yenye ujazo wa cc 124.5. Tofauti hiyo inagusa hata leseni, kwani daraja A1 ni la pikipiki zilizo chini ya cc 125, na Boxer huhitaji daraja A. Kwa mtu ambaye hatatoka mjini na hatabeba abiria, ningependekeza HLX bila kusita. Kwa anayeishi kwenye milima ya Lushoto au Mbeya, Boxer inastahili nafasi ya kwanza.

Ukiamua kununua Boxer iliyotumika, jihadhari na iliyostaafu kwenye bodaboda, kwani mara nyingi husafishwa na kubandikwa stika mpya. Iwashe ikiwa ya baridi, uangalie kama eksozi inatoa moshi wa bluu, ushike gurudumu la mbele na kulitikisa kusikiliza beringi za usukani, kisha ulinganishe namba ya chesisi na ya kwenye kadi kabla ya kutoa hata shilingi moja.