Tektronix 7A16P: amplifaya ya mtumba inayotii kompyuta, kwa masharti

Herufi P iliyo mwishoni mwa jina la Tektronix 7A16P ndiyo inayowavutia wanunuzi wa vifaa vikuukuu vya maabara, kwa kuwa inaonyesha kwamba amplifaya hii ya kuchomeka, iliyotengenezwa kwa ajili ya mfululizo wa 7000 wa osiloskopu (vifaa vinavyoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini), huweza kupokea amri kutoka kwenye kompyuta. Tangazo lililonifanya niinunue liliusifu sana uwezo huo, ila lilinyamazia sharti lake. Amri hupitia kwenye GPIB, yaani njia ya kuunganisha vifaa vya maabara na kompyuta, ya mashine mama ambamo amplifaya huchomekwa, na mashine mama zinazoweza kuzifikisha ni chache, hasa 7912AD na 7612D. Ukiichomeka kwenye osiloskopu ya kawaida ya mfululizo huohuo, utabaki kuiendesha kwa vitufe.

Ndani ya mashine inayoifaa, kazi yake inaridhisha. Inafika megahezi 200, yaani inaweza kuonyesha wimbi linalopanda kwa muda wa takriban nanosekunde 1.75, na vipimo vyake huanzia milivolti 10 hadi volti 5 kwa kila mraba wa skrini. Kila kipimo kinapobadilishwa, rilei zilizo ndani, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, hugonga kwa sauti kavu, na sauti hiyo ni dalili nzuri ya afya yake. Katika kifaa changu kipimo cha volti 1 kilikuwa kikiyumba: mawimbi ya mraba yaliyopaswa kujaza miraba minne yalisinyaa hadi mitatu na kitu, kisha yakarudi yenyewe. Hiyo ni kawaida ya rilei zilizokaa miaka bila kufanya kazi, kwa sababu migusano yake huota utando. Niliandika programu fupi ya kuzifungua na kuzifunga mfululizo, na mawimbi yakatulia; hapo ndipo nilipofurahia kweli kuwa na kifaa kinachotii amri, maana kidole kingechoka mapema. Meno ya dhahabu ya nyuma, yanayoingia kwenye mashine mama, yalihitaji kufutwa kwa spiriti tu. Anayeyasugua kwa msasa anayaharibu.

Tatizo ni kwamba 7A16A, ndugu yake asiyepokea amri, inafika megahezi 225 na kushuka hadi milivolti 5 kwa mraba, kwa hiyo anayepima kwa mkono hulipia herufi P ili apate kifaa chenye uwezo mdogo zaidi. Kwa mwenye 7912AD au 7612D, ninaipendekeza bila kusita: GPIB ni kiwango cha mwaka 1975, lakini adapta za kuiunganisha na kompyuta za leo zipo, na njia moja hubeba vifaa hadi 15. Mwingine yeyote amwombe muuzaji picha ya kifaa kikiwa kimewashwa, kisha ajiulize ni mashine gani itakayokipa amri.